Shimo Limejaa, Bomba Limekauka: Kipindupindu cha Dar es Salaam, 2015

Kipindupindu kilichoingia Dar es Salaam katikati ya Agosti 2015 kilikuja wakati ambao wengi hawakukitarajia. Masika yalikuwa yamekwisha zamani, vuli haijaanza, mitaa mikavu, vumbi tupu. Wagonjwa wa kwanza waliripotiwa Manispaa ya Kinondoni, wakafuata wa Ilala na Temeke, na kabla mwaka haujaisha ugonjwa ulikuwa umeshapanda mabasi kwenda mikoani na kuvuka bahari hadi Zanzibar. Kufikia Aprili 2016 nchi nzima ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 300. Haukuishia hapo. Uliendelea kufifia na kuibuka kwa zaidi ya miaka miwili, na mwanzoni mwa 2018 hesabu ilikuwa imepita wagonjwa 33,000 na vifo 500.

Nimeuchagua mlipuko huu kwa sababu ya huo ukavu. Tumezoea kusema kipindupindu huletwa na mvua: mafuriko yanapita, vyoo vinafurika, watu wanaugua. Ni kweli, na mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka ule zilikuja kuuchochea moto uliokuwa umeshawaka. Lakini moto wenyewe uliwaka kiangazi. Ukifuatilia ulivyowaka unafika kwenye mambo mawili ambayo ofisini yana idara mbili tofauti, na kwa mkaaji wa mtaani ni jambo moja: choo kimejaa na bomba halitoi maji.

Tuichukue Tandale. Ni kata iliyo katikati ya Kinondoni, jirani na Manzese na Magomeni, imepitiwa na Mto Ng'ombe unaokwenda kumwaga maji yake Mto Msimbazi. Hadi mwaka 2011 njia zake nyingi hazikuwemo kwenye ramani yoyote ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifungua. Mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wenyewe walizunguka na vifaa vya GPS wakaandika vichochoro, vyoo vya umma, mitaro na vizimba vya maji. Nalitaja hili kwa sababu bwana afya anayetafuta chanzo cha ugonjwa anahitaji kujua mgonjwa anakaa wapi na anachota wapi. Mahali pasipo na majina ya njia wala namba za nyumba, anwani ya mgonjwa ni "nyuma ya msikiti, uliza kwa mama fulani", na huyo bwana afya ana saa chache tu kabla majirani hawajaanza kuharisha.

Nyumba ya kawaida ya Tandale ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma. Kila chumba kina familia yake, na mara nyingi uani kumeongezwa vyumba vingine viwili au vitatu vya kupangisha. Kwa hiyo choo kimoja kinahudumia kaya sita, saba, nane. Uani huo huo ndipo panapopikwa, panapofuliwa, watoto wanapoogeshwa, na maji yanapohifadhiwa kwenye mapipa na ndoo. Nataka lieleweke vizuri: watu hawa si wachafu. Pita asubuhi uone wanawake walivyoinama na mafagio, uani umepigwa deki, masufuria yameanikwa yanang'aa. Uchafu unaoua haupo mahali ambapo fagio linafika.

Upo chini. Sehemu kubwa ya Tandale maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, hasa kuelekea mtoni. Ukichimba choo, kabla hujafika mbali unakuta maji. Kwa hiyo mafundi wanachimba shimo fupi, wanalizungushia matairi ya zamani, mapipa au matofali ili udongo usibomoke, kisha wanakiinua choo juu na kukiwekea ngazi. Shimo kama hilo linajaa haraka, na kiasi cha kilichomo hakikai mahali pake. Kinatembea na maji ya ardhini. Mwongozo wa kawaida unataka kisima kiwe mita 30 kutoka kwenye choo. Kiwanja kizima cha nyumba nyingi za hapo hakifiki mita 30 upande wowote, na hata ukijitahidi kuweka kisima chako mbali na choo chako, kitakuwa kimekaribia cha jirani.

Shimo likijaa, baba mwenye nyumba ana njia chache. Ya kwanza ni kuita gari la majitaka. Gari linalipwa kwa tripu, bei yake si ndogo, na mpira wake una urefu wenye kikomo. Nyumba iliyo ndani, kichochoro cha tatu kutoka barabarani, haifikiwi. Ya pili ni kumwita chura. Hilo ndilo jina la Dar la wanaume wanaopakua vyoo kwa mikono. Anakuja usiku, kwa kujificha. Anabomoa sehemu ya sakafu, anamwaga mafuta ya taa shimoni kukata harufu, anachimba shimo jingine pembeni, kisha anaingia mwenyewe na ndoo, kiuno kikiwa ndani ya kinyesi, na kuhamisha kilichomo kutoka shimo hili kwenda lile. Mara nyingi hana buti wala glavu. Akimaliza anafukia. Hakuna kilichoondoka pale uani.

Njia ya tatu inaitwa kutapisha. Mvua kubwa ikianza, mtu anatoboa ukuta wa shimo upande wa mtaro au anafungua bomba aliloliweka makusudi, na maji ya mvua yanakomba kila kitu kupeleka kichochoroni, mtaroni, mtoni. Ni kosa, na kila mtu anajua ni kosa. Kwa mwenye nyumba ambaye gari halimfikii na chura anataka pesa asiyokuwa nayo, mvua ndiyo gari la bure. Faini hazijaikomesha kwa sababu faini haitoi kinyesi shimoni.

Sasa upande wa maji. Dar es Salaam inakunywa zaidi Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini iliyo mkoani Pwani. Mwaka 2015 mitambo yote miwili ilikuwa kwenye kazi ya upanuzi, kuifikisha Ruvu Chini lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Uzalishaji peke yake, hata hivyo, haumfikii mtu. Karibu nusu ya maji ya jiji yalikuwa yakipotea kwa mivujo au kuchukuliwa bila kulipiwa, na yaliyobaki yalitolewa kwa mgao. Mtaa unapata maji siku fulani, pengine usiku wa manane, kisha bomba linakauka siku mbili, tatu, wiki.

Bomba linalokauka ni hatari ambayo wengi hawaifikirii. Likiwa na maji yenye msukumo, tundu dogo linatoa maji nje. Likiwa tupu, tundu hilo hilo linavuta ndani. Katika mitaa kama Tandale mabomba ya plastiki ya majumbani yamelala juu juu, mengine ndani ya mitaro kabisa, yameunganishwa kwa mipira na vitambaa, mengine kinyemela. Msukumo ukiondoka, maji ya mtaro yanaingia. Maji yakirudi, yanasukuma kilichoingia hadi kwenye ndoo ya mteja. Kuna wanaoweka pampu kuyavuta yaje kwao kwanza, na pampu inanyonya kila kinachopatikana njiani. Klorini iliyowekwa Ruvu imeshachoka kufikia hapo, na iliyobaki huliwa na uchafu kabla haijamgusa mdudu wa ugonjwa. Kinachotakiwa kubaki kwenye maji ya bombani ni angalau miligramu 0.2 za klorini huru kwa lita. Ukipima kiwandani utakuta ipo. Pa kupima ni kwenye ndoo ya nyumba ya mwisho.

Bomba likikaa kavu, watu wanageukia kwingine: kisima kifupi cha jirani, boza la kuuza maji (gari la tangi), au kijana wa mkokoteni mwenye madumu ya lita 20, ambaye ameyachota mahali asipopasema. Familia ya watu watano, ukimpa kila mmoja lita 20 kwa siku, inahitaji madumu matano, kilo 100 za maji. Kwa bei ya mkokoteni, ambayo ni mara kadhaa ya bei ya bombani, hakuna mama anayenunua madumu matano. Ananunua mawili. Moja la kupikia na kunywa, moja la kuogea na kufulia. Kunawa mikono baada ya chooni kunakuwa kumimina maji kidogo kutoka kwenye kopo, bila sabuni, na kopo ni moja kwa nyumba nzima.

Hapo ndipo mdudu anapopata nafasi. Kimelea cha kipindupindu kinachotamba tangu mwaka 1961, aina ya El Tor, kina tabia moja mbaya kuliko zote: wengi wanaokimeza hawaugui, au wanaharisha kidogo tu kama mtu aliyekula vibaya. Hata hivyo wanakitoa kwenye kinyesi kwa siku kadhaa. Maana yake ni kwamba siku mgonjwa wa kwanza anabebwa kwenye bajaji kupelekwa zahanati, macho yameingia ndani na ngozi ya mikono imekunjamana, vyoo vya mtaa mzima vinaweza kuwa vimeshapokea kimelea. Dalili hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku tano. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, maji meupe kama maji ya mchele, na asipopata maji mwilini anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Ukiyapanga pamoja, kiangazi cha 2015 kinaeleweka. Vyoo vimejaa tangu masika, bomba limekauka, watu wanashindia visima vifupi vilivyo hatua chache kutoka kwenye mashimo hayo. Anayesema kwamba kwa kuwa hakukuwa na mafuriko basi ni chakula cha mama ntilie, ameishia nusu ya njia. Mama ntilie naye amenunua maji ya mkokoteni ule ule.

Mwitikio wa serikali ulikuwa na sehemu iliyofanya kazi vizuri sana, na ni haki kuisema. Kambi za matibabu zilifunguliwa, wagonjwa wakatengwa, dripu za Ringer na pakiti za ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, zikapelekwa, wauguzi wakakesha. Linganisha na mlipuko wa 1997, mkubwa kuliko yote ambayo Tanzania imewahi kuripoti kwa mwaka mmoja: wagonjwa 40,249, vifo 2,231. Hao ni zaidi ya watu watano kati ya kila wagonjwa mia. Katika mlipuko ulioanza 2015 walikufa chini ya wawili kati ya mia. Kila tarakimu ya tofauti hiyo ni mtu aliyerudi nyumbani. Bado kiwango cha kimataifa kinadai vifo visifike mmoja kati ya mia, na wengi wa waliokufa hufia nyumbani au hufika wamechelewa, kwa sababu ya nauli, ya aibu, au ya kuogopa kambi. Kwenye familia ambayo maiti yake imeoshwa na watu wa afya wenye mapampu ya klorini, na ndugu wakazuiwa kuigusa, hofu hiyo ni nzito, na sidhani kama tuliwahi kuizungumzia na wafiwa kwa heshima iliyostahili.

Vidonge vya klorini viligawiwa majumbani, na hilo lilikuwa sahihi. Kidonge kinafanya kazi ndani ya ndoo, baada ya hatari zote za njiani. Udhaifu wake ni kwamba maji ya kisima yenye tope yanakila kidonge bila kuua mdudu, hivyo yanapaswa kuchujwa kwanza kwa kitambaa na kuachwa yatuame. Pia chombo kina maana kubwa kuliko tunavyodhani. Ndoo pana inaalika kata na mkono. Mkono mmoja mchafu unaharibu maji yaliyotibiwa asubuhi. Dumu lenye mdomo mwembamba, au ndoo yenye mfuniko na koki, linalinda maji hayo hadi jioni.

Kisha yakaja makatazo. Matunda yaliyomenywa, juisi, maji ya kandoro yanayouzwa kwenye vifuko vya plastiki, vyakula vya barabarani: marufuku. Visima vifupi: vifungwe. Nawaelewa waliotoa amri hizo. Mtu anayeona wagonjwa wanaongezeka kila siku hawezi kukaa kimya. Lakini kufunga kisima kwenye mtaa ambao bomba lake halitoi maji ni kumwambia mama akanunue dumu la tatu kwa pesa asiyokuwa nayo. Visima vilifunguliwa tena usiku. Ilipaswa boza lenye maji yaliyopimwa lifike kwanza, bure au kwa bei ya kizimba, lisimame siku zote za mlipuko, ndipo kisima kifungwe. Mpangilio huo ulikuwa ndani ya uwezo wetu. Na kumfukuza mama ntilie barabarani kulimwondolea kipato mwanamke ambaye kwa pesa hiyo hiyo ndiye angenunua sabuni.

Sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 zilifutwa. Rais John Magufuli, aliyeapishwa mwezi mmoja kabla, alisema haifai kutumia fedha kusherehekea huku watu wakifa kwa kipindupindu, akaagiza siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima, na yeye mwenyewe akatoka na kuzoa takataka karibu na Ikulu. Mamilioni walifagia. Mitaro ilizibuliwa, taka zilizokuwa zimelundikana miaka ziliondolewa, na kwa siku moja suala la usafi wa mji likawa la kila mtu kuanzia waziri hadi mtoto wa shule. Mimi niliona kuwa ni jambo kubwa, na bado naona hivyo. Ila picha iliyobaki vichwani ni ya fagio na toroli, na kipindupindu hakikai kwenye mifuko ya plastiki na maganda ya machungwa. Mfereji uliozibuliwa ni mzuri kwa mafuriko na malaria. Shimo la choo lililojaa lilibaki limejaa tarehe 10 Desemba, na sikumbuki amri yoyote iliyotaka magari ya majitaka yafanye kazi bure wiki ile.

Kwa nini Tandale ya wakati ule haikuwa na mfumo wa majitaka? Mkoloni aliigawa Dar es Salaam kwa makazi ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na mabomba ya majitaka yakachimbwa yalikotakiwa na wenye mji wa wakati huo. Baada ya Uhuru mji ulikua kwa kasi ambayo upimaji haukuifikia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3, na takriban saba kati ya kumi walikuwa kwenye makazi yasiyopimwa. Wakati wa mlipuko mtandao wa majitaka ulikuwa unafikia takriban kaya moja kati ya kumi. Tisa zilizobaki zilitegemea shimo la aina fulani, na jiji halikuwa na mpango wa maana wa kuyapakua mashimo hayo. Tumejenga hoja kwa miaka mingi kwamba haiwezekani kuweka bomba la majitaka mahali pasipo na barabara. Hoja hiyo ina majibu mawili ambayo tayari yamejaribiwa hapa hapa Dar.

La kwanza liko Vingunguti. Shirika la Centre for Community Initiatives na vikundi vya wakazi walijenga huko mtandao mwepesi wa majitaka: mabomba membamba, yaliyozikwa kwa kina kidogo, yanayopita nyuani badala ya barabarani, kila nyumba ikiunganisha choo cha kumwaga maji. Ubunifu huu ulianzia Brazil miaka ya 1980, na Karachi walikuwa na wao kupitia mradi wa Orangi. Ugumu wake mkubwa hauko kwenye bomba. Uko kwenye kumshawishi jirani akubali bomba la kinyesi cha mwenzake lipite chini ya uani wake, na kukubaliana nani atazibua likiziba. Mazungumzo hayo yanachukua miezi, chini ya mwembe, na mwenyekiti wa mtaa, na mjumbe, na wale kina mama wa vikoba ambao kwa kawaida ndio wanaotunza fedha. Vingunguti ilikuwa na bahati moja: mabwawa ya majitaka ya jiji yako pale pale, mteremko unaelekea huko.

Jibu la pili ni pampu ya mkono inayojulikana kama Gulper, iliyojaribiwa Temeke. Fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza mtaani. Mtu anasimama juu ya choo, hashuki shimoni, anavuta kinyesi hadi kwenye mapipa yenye mifuniko, mapipa yanapakiwa kwenye guta la magurudumu matatu linalopita vichochoro ambavyo gari halipiti. Chura anapata buti, glavu, leseni na kazi ya mchana. Mwenye nyumba anaweza kupakua kiasi anachokimudu, mapipa manne leo, manne mwezi ujao, badala ya kusubiri fedha ya tripu nzima.

Tandale, tofauti na Vingunguti, haina mabwawa ya majitaka pale pale. Guta likibeba mapipa kutoka Tandale linapaswa kuyafikisha umbali ambao unakula malipo yote ya kazi, na hapo kishawishi cha kuyamwaga Mto Ng'ombe usiku kinarudi palepale. Kinachohitajika ni kituo kidogo cha kupokelea, tangi lililozikwa ambalo maguta yanamwaga na gari kubwa linakuja kunyonya, eneo lisilozidi viwanja viwili vya nyumba, kando ya barabara inayopitika. Ardhi hiyo Tandale ina wenyewe, ina thamani, na hakuna anayetaka kituo cha kinyesi mbele ya duka lake. Manispaa italazimika kununua kiwanja hicho, kwa bei ya soko na kwa makubaliano na majirani, kabla ya guta la kwanza kuanza kazi.